Jiwe Lililokaa Mfukoni

Mtaa mzima wa Gikondo, mjini Kigali, hakuna aliyethubutu kubishana na Usumani fundi cherehani juu ya mambo mawili: namna ya kukata kola, na upande ilipo Kibla. La kola tumwachie, maana shati likitoka mikononi mwake linakukaa mpaka unajiuliza kama ulizaliwa nalo. La Kibla ndilo lililomliza mtu mzima wa miaka sitini na kitu, tena mbele ya binti yake.

Dira alirithi kwa baba yake, na jiwe vilevile. Dira ilikuwa ya shaba, ndogo, kioo kimekwaruzika, nayo ilikaa kwenye droo pamoja na vifungo. Jiwe lilikuwa jeusi, la kujaa kiganja, na uzito wake ulizidi ukubwa wake. Hilo lilikaa kwenye mfuko wa juu wa koti, upande wa kushoto, kila siku ya Mungu. Baba yake, fundi kama yeye, ambaye wazee wake walifika Rwanda wakifuata biashara kutoka Ujiji, alilipata kwa mchimba madini ya bati mmoja baada ya kumshonea suruali. Kazi ya jiwe ilikuwa moja tu. Pini zikimwagika sakafuni, Usumani analipitisha juu ya vumbi, na pini zote zinalirukia na kuning'inia. Watoto wa mtaa walikuwa wakizimwaga makusudi wapate kuona. Usumani alijitia hasira, akawafokea, lakini moyoni hakuna kitu kilichomfurahisha kama kuinama na jiwe lake mbele ya watu.

Basi mkewe Alida akafariki, baada ya kuugua kifua muda mrefu. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu asubuhi na jua halikuonekana hata mara moja. Makaburi yako mlimani, nje ya mji, na safu aliyopewa Alida ilikuwa mpya, haijalazwa mtu. Mchimbaji mmoja, Nzeyimana jina lake, alikuwa ameshamaliza kazi yake na amekaa juu ya sepeto anasubiri. Usumani akafika na dira mkononi, akasimama ukingoni mwa shimo, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mmekosea," akasema.

"Hapana, mzee, hapa iko sawa," Nzeyimana akajibu kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Tulipima na kamba, tukafuata vile Shehe alituonyesha."

"Nakwambia mmekosea. Unaona mshale huu? Huu hauna jamaa wala rafiki."

Shehe Shabani akasogea na simu yake, akasimama bega kwa bega na mfiwa ili walinganishe. Mshale wa simu ukayumbayumba, kisha ukatulia karibu sawa na ulipotulia wa dira. Shehe akakuna ndevu. Watu walikuwa wamelowa chapachapa, maiti imewekwa chini ya mwavuli, na mume wa marehemu macho yamemwiva. Sasa wewe ungebishana naye? Wakachimba upya. Nzeyimana alichimba akinung'unika kwa Kinyarwanda, na Alida akalazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso wake ukielekea pale alipoonyesha mumewe.

Usumani alilia sana siku ile. Lakini chini ya kilio kulikuwa na faraja ndogo, nayo aliishika kwa mikono miwili: hospitali sikuweza, dawa sikuweza, walau hili la mwisho nimemfanyia sawasawa.

Miezi ikaenda. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda mlimani kumsalimia. Safu ikajaa majirani, na Usumani akaona, kwa uchungu, kwamba majirani wote wa Alida wamelazwa kombo. Kaburi la Alida lilikuwa na mwelekeo wake, na mengine yote yalikuwa na mwelekeo mwingine. "Maskini ya Mungu," alikuwa akisema, "hawakuwa na mtu wa kuwapigania." Basi akimaliza kumwombea mkewe, huwaombea na wao, mmoja mmoja, wasamehewe kwa kosa la wachimbaji. Usicheke. Aliomba kwa moyo safi.

Sasa, binti yake Kirezi alikuwa na kazi kwenye ghala la madini palepale Gikondo, nyuma ya magereji. Ndiko yanakoletwa magunia ya mchanga wa bati kutoka machimboni ili yapimwe na kusafishwa kabla ya kuuzwa. Alikuwa amesomea mawe chuoni, na tangu mama yake afe alirudi kuishi nyumbani na baba. Mchana akipata nafasi alipita dukani, wakala ndizi na maharage pamoja, yeye juu ya kigoda cha wateja na baba nyuma ya cherehani.

Siku moja alikuwapo mteja, bibi mmoja anaitwa Natacha, amekuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Kopo la pini likaanguka. Usumani, kwa madaha yake yote, akachomoa jiwe mfukoni, akainama, akazoa pini zote kwa mkupuo mmoja, akamwinulia Natacha zilivyoning'inia.

"Mama yangu!" Natacha akapiga makofi. "Hiyo ni dawa au nini?"

"Ni jiwe la baba yangu," Usumani akasema, na kifua kikatanuka. "Wazungu hawana."

Kirezi alikuwa amelizoea jiwe lile tangu utotoni, kama mtu anavyoizoea pua ya baba yake, na mtu haichunguzi pua ya baba yake. Leo ndipo alipolitazama kwa macho ya kazini. Natacha alipoondoka, akanyoosha mkono.

"Baba, hebu nilione."

Akalipima uzito kiganjani. Akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, na ubavu mmoja uliovunjika ukang'aa kidogo kama chuma kilichosuguliwa. Palikuwa na kipande cha kigae kilichovunjika nje ya mlango, akakiokota, akakwaruza jiwe mgongoni mwa kigae, pale pasipo na rangi. Likaacha mstari mweusi.

"Ungekuwa mwekundu ningesema kitu kingine," akasema. "Hii ni magnetaiti, baba. Madini ya chuma. Kule kazini tunaiona kila siku, imejaa kwenye mchanga wa bati."

"Kumbe ni mali!"

Kirezi akacheka. "Mali? Sisi tunaitupa! Mnunuzi anataka bati. Tunakausha mchanga, tunausambaza, halafu tunapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Magnetaiti yote inajishika kwenye kitambaa, bati linabaki chini. Kisha unachomoa sumaku, ule weusi unadondoka pembeni. Tunauita uchafu."

"Uchafu!" Usumani akanyang'anya jiwe lake. "Jiwe lililomlisha babu yako, uchafu!"

"Usikasirike, baba. Lako ni la aina yake. Ile ya kazini inavutwa na sumaku, lakini yenyewe haivuti kitu. Moja moja sana, nadra, ndiyo inakuwa sumaku yenyewe. Wataalamu wanadhani ni radi. Radi ikipiga mwamba, jiwe linashika ile nguvu na halisahau."

Hapo Usumani akapoa, akaanza kusikiliza. Alipenda habari ya radi. Akauliza hili na lile, na Kirezi, ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake, akasahau chakula. Akamwambia kwamba jiwe lile lina ncha mbili zisizofanana, moja inavuta kile ambacho nyingine inakisukuma. Akamwambia kwamba ukilitia motoni mpaka liwe jekundu linapoteza nguvu yote. Likipoa linabaki jeusi vilevile na zito vilevile, lakini pini hata moja halitaiinua. Akamwambia pia kwamba nguvu yake haizuiliwi na nguo wala mbao wala mkono wa mtu, inapita tu.

"Inapita koti?"

"Inapita koti, baba, inapita hata meza. Ndiyo maana mimi kazini simu naiacha mbali. Na dira ndiyo kabisa. Ukiweka jiwe kama hili karibu na dira, inachanganyikiwa, haikuonyeshi kaskazini tena, inafuata jiwe."

Alisema hivyo akitafuna, bila kufikiri. Usumani mkono ukasimama hewani na kijiko chake.

"Karibu kiasi gani?"

"Si lazima iguse. Hapa na hapo tu." Akaonyesha kwa viganja viwili, pima ya shingo mpaka kiuno. Kisha akamwona baba yake uso umebadilika.

Usumani akafungua droo, akatoa dira kutoka kwenye vifungo, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Akarudisha jiwe kwenye mfuko wa koti, upande wa kushoto, lilikokaa siku zote. Akaisogelea meza, akainama kidogo, kama alivyoinama siku ile ukingoni mwa shimo. Mshale ukajigeuza. Akahamia upande wa pili wa meza, mshale ukamfuata. Akazunguka meza nzima polepole, kiatu kwa kiatu, na mshale ukazunguka naye mpaka akarudi alipoanzia.

Akavua koti, akampa Kirezi.

"Peleka nje. Mpaka kwa yule wa matairi."

Kirezi akatoka na koti. Mshale ukacheza, ukatulia, ukaonyesha mahali pengine kabisa. Usumani akazunguka tena meza akiwa na shati tupu, na safari hii mshale haukumjali hata kidogo.

Kirezi aliporudi alimkuta ameketi chini sakafuni, mgongo ukiegemea cherehani. Hakulia bado. Alikuwa akisema, kwa sauti ndogo, "Niliwapinga watu waliokuwa na haki. Niliwapinga, Kirezi. Wamechimba sawa, mimi nikawaambia wamekosea."

"Baba, hukujua."

"Mama yako amelala kombo."

Kirezi akakaa naye chini na gauni lake la kazini.  Na yeye pia, ingawa siku ya mazishi alibaki nyumbani na wanawake, alikuwa ameliona kaburi, na sasa aliyaona upya yale makaburi mengine yote yaliyonyooka, na moja peke yake lililopinda.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomla Usumani, ambalo hakulisema mara moja. Alida alizaliwa kwa Wakristo wa Kibagabaga. Aliposilimu ili waoane, dada yake mkubwa, Mukandayisenga, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti na ulimi, alimwambia mbele ya wageni, "Wewe humfuati Mungu. Unamfuata mwanamume." Alida alicheka tu. Lakini Usumani lile neno lilimkaa. Na Alida kila walipohamia nyumba mpya, au walipolala ugenini, humuuliza, "Usumani, huku ni wapi?" Na yeye hutoa dira, akainama, akajipa ukubwa wa kadhi, akanyoosha mkono: "Huku." Alida hutandika msala wake huku.

"Dada yake alisema kweli," akasema sasa. "Alimfuata mtu. Na huyo mtu alikuwa anafuatwa na mshale wake mwenyewe."

Jioni ile akatia mkaa kwenye jiko, akakaa mbele yake na jiwe mkononi. Alisubiri mkaa uive. Kirezi akamwona, akatoka jikoni.

"Unataka kulichoma?"

"Umesema likiwa jekundu linasahau."

"Nimesema. Lakini jiko hili halifiki moto huo kirahisi, labda ulipepee mpaka mkono ukatike." Akachutama. "Na likisahau, baba, mama atageuka?"

Usumani akalitazama jiwe kwa muda mrefu. Lilikuwa limejaa chembe za chuma ubavuni, vinywele vidogo vya sindano zilizovunjika, kama kawaida yake. Halikuwa limefanya jambo lolote ila lile ambalo limelifanya tangu kabla ya kuzaliwa babu yake. Akaliweka chini ya dirisha, mbali na jiko. Chai ikachemshwa kwenye mkaa ule.

Kesho yake akaenda kwa Shehe Shabani, akamweleza yote bila kujificha. Shehe akashika kichwa, maana alikumbuka simu yake ilivyoyumba. "Na mimi nilisimama karibu nawe," akasema. "Lahaula! Kumbe tulidanganywa sote wawili na koti."

"Nataka kumgeuza."

Shehe akawaza kwanza, asije akajibu haraka. "Ingekuwa siku ile ile, au ya pili yake, ningekuja mimi mwenyewe na jembe. Sasa imepita miezi, mzee. Mwili umeshakuwa wa ardhi. Kumfukua sasa ni kumvunjia heshima, na hilo siwezi kukuruhusu. Ulikusudia mema. Mwenyezi Mungu hapotezwi na dira."

"Mimi sikuja kuuliza kama nimesamehewa," Usumani akasema, na sauti ikampanda bila adabu. "Mimi nauliza habari yake yeye. Yeye anaelekea wapi?"

 Shehe akamshika mkono, wakakaa hivyo, kisha Usumani akaondoka.

Jumamosi wakapanda mlimani yeye na Kirezi. Jiwe walikuwa wamelifungia dukani, na Usumani alikuwa amepekua mifuko yote mara mbili, hata ya suruali. Nzeyimana alikuwepo, anasawazisha udongo. Alipomwona mzee na dira yake akaweka jembe chini, akakunja uso.

"Leo tena mzee? Nani sasa?"

"Leo nimekuja kukuomba radhi," Usumani akasema. "Ulikuwa sawa. Kamba yako ilikuwa sawa."

Nzeyimana akamtazama, akamtazama Kirezi, akaona si mzaha. Akavua kofia. "Yewe, mzee. Basi yaishe," akasema, akaenda mbali akawaacha.

Usumani akaweka dira juu ya ardhi, kando ya kichwa cha mkewe. Jua lilikuwa wazi leo. Mshale ukatulia bila kusitasita, na Kirezi akahesabu kutoka hapo kidogo kuelekea mashariki, ndipo Makka ilipo kwa mtu aliye Kigali. Majirani wote walikuwa sawa, mmoja hadi mwingine. Kaburi la Alida lilikwenda kushoto, kwenye mabonde yasiyo na chochote ila migomba.

"Na mimi nikawa nawaombea hawa," Usumani akasema. Akacheka kicheko kibaya, kifupi. Kisha akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo wa mkewe, na hapo ndipo alipolia. "Nisamehe, Alida. Ulinikabidhi jambo moja. Nisamehe."

Kirezi alimwacha alie.  Njiani kurudi, walipofika Remera kubadilisha gari, baba akasimama katikati ya watu wanaokimbilia mabasi, akamshika binti mkono.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nini, baba?"

"Kibla ya nyumbani ni nani aliipima?"

Hakusubiri jibu, maana alilijua. Walipofika nyumbani hata viatu hakuvua. Akaweka dira sebuleni, mahali alipokuwa akisimama kuswalisha kila jioni tangu Kirezi akiwa mtoto wa kubebwa, Alida nyuma yake, na Kirezi pembeni ya mama. Mshale ukatulia. Na hapa pia Kibla ilikuwa imekwenda kushoto, tena kushinda kule mlimani.

Usumani akaketi juu ya kochi. Sasa hakuwa hata na machozi. Alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba magunia.

"Msikitini nilikuwa nafuata watu, kwa hiyo zile zangu za Ijumaa zimesalimika," akasema. "Lakini yeye aliswalia hapa. Maisha yake yote aliswalia hapa, nyuma yangu. Basi si kaburi peke yake. Nimempoteza akiwa hai na nimempoteza akiwa amekufa. Dada yake akinikuta njiani nitamwambia nini?"

Kirezi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa akiuma mdomo, kama alivyofanya utotoni alipovunja kitu. Akafikiri, akapiga moyo konde.

"Baba, njoo huku."

Akamwingiza chumbani, kile ambacho Usumani tangu msiba alikiingia kulala tu, taa imezimwa. Akasukuma kapu la nguo lililokuwa kati ya kitanda na kabati. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na kwa Alida rangi ilisuguliwa kila wiki mpaka ikang'aa. Lakini pale chini ya kapu palikuwa na mahali rangi imelika. Palikuwa na madoa mawili ya magoti, yamekaribiana, na mbele yake mawili ya viganja, na mbele zaidi moja dogo la paji la uso. Yote yalikaa mshazari, hayakufuata ukuta wala kitanda.

Kirezi akaweka dira palipokuwa na magoti.  Usumani alijua kusoma dira, hilo hakuna atakayemnyang'anya. Akasoma, akahesabu kidogo kuelekea mashariki, akafuata kwa kidole mpaka kwenye lile doa la paji la uso.

Lilikuwa sawasawa.

"Nilikuwa darasa la nne," Kirezi akasema. "Wanawake wa madrasa walimwambia kuna siku katika mwaka jua linasimama juu kabisa ya Al-Kaaba, na saa hiyo ukisimamisha kijiti popote ulipo, kivuli chake kinaipa Kibla mgongo. Mama akasimamisha ufagio uani. Wewe ulikuwa dukani. Akaangalia kivuli, akaingia ndani akatazama pale unaposwalia, akatoka tena akatazama kivuli. Kisha akanyamaza. Alirudia mwaka uliofuata, akapata vilevile."

"Lakini alikuwa anaswali nyuma yangu! Kila Magharibi, kila Isha!"

"Alikuwa anaswali nyuma yako. Halafu anaingia huku, anaswali tena."

Usumani akakumbuka. Alikumbuka mlango unavyofungwa taratibu baada ya swala, na yeye sebuleni anavyowaambia wageni kwa majivuno kwamba mke wangu huyu, aliyesilimu ukubwani, anaswali sunna kuwashinda waliozaliwa nayo. Mahajati wenyewe hawamfikii. Na Alida akitoka huko alikuta anasifiwa, akainamisha kichwa, akapitisha chai. Miaka yote hiyo!

"Alijua," akasema. "Alijua, na kila nyumba ya ugenini ananiuliza, Usumani, huku ni wapi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hakuniambia?" Akamgeukia binti yake kama anayemshitaki. "Na wewe! Kwa nini hamkuniambia?"

"Mimi nilimuuliza. Niliuliza zaidi ya mara moja." Kirezi akaegemea kabati. "Alisema, 'Baba yako anavyofurahi kunionyesha, nani atakuwa na moyo wa kumwambia? Mimi Mola wangu najua alipo. Acha anionyeshe.'"

Usumani akabaki amechuchumaa, kidole bado kiko juu ya doa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Kirezi akamkimbilia akidhani ni kilio kile cha makaburini. Hakikuwa kile. Mzee alikuwa akicheka, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, anacheka na kulia bila kujua kipi kimemshika kwanza, na alipopata pumzi akasema:

"Basi ameshajigeuza. Kirezi, wallahi nakwambia, mama yako kule alipo ameshajigeuza zamani, alinisubiri tu niondoke."